Ubao Uliotazama Mtoni

Ijumaa, Juni 8, 1979
Mvua haijaanza, lakini goti langu limeshaanza kuuma. Mke wangu Sumie amerudi sokoni na kilo sita za plamu mbichi na nyumba nzima inanukia. Kesho ataziweka chumvini.

Leo wamehamisha ubao wangu.

Naandika "wangu" ingawa wenyewe wanasema ni wa mtaa. Mimi ndiye niliyeuchora, miaka kumi na miwili iliyopita, nikiwa bado nabeba mkoba wa posta: nyumba sitini na moja, kila moja na jina la mwenyewe na namba yake. Si kazi ya mchezo, maana namba zetu hazifuati njia, zinafuata umri. Iliyojengwa kwanza ni namba 1, iliyofuata ni namba 2 hata kama iko ng'ambo ya pili ya mtaa. Namba 4 iko juu upande wa hekalu. Namba 5 ni kwangu, huku chini upande wa bafu la umma, na katikati yetu wamejipanga 38, 17, 52 na 9. Atakayetafuta nyumba kwa kuhesabu atahesabu mpaka ang'oke meno. Ndiyo maana pakawekwa ubao. Na kabla ya ubao nilikuwapo mimi.

Aliyeuhamisha ni Tsukuda Noboru, muuza mchele wa pale kona, mwenyekiti wa mtaa tangu Aprili. Ubao ulikuwa mbele ya duka lake na yeye anataka pa kuegesha kigari chake kipya. Wameung'oa asubuhi na kuusimika ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa ghala la zamani. Hakuniuliza. Angalau angepita mlangoni aseme, mzee, tunaigusa kazi ya mkono wako.

Jumamosi, Juni 9
Nimekwenda kuutazama. Nimesimama mbele yake kwa muda wa kuvuta sigara moja, na kabla haijaisha nikaona.

Niliuchora kwa ajili ya mtu anayekitazama kilima. Ndivyo tunavyochora: kilicho mbele yako kinakaa juu ya ubao, cha kushoto kwako kinakaa kushoto. Mpita njia hana haja ya kujua kaskazini ni wapi, ana haja ya kujua ageukie mkono upi. Sasa umewekwa ng'ambo. Anayeusoma anatazama mtoni na kilima kiko mgongoni mwake. Ubao unamwambia hekalu liko kushoto. Hekalu liko kulia. Ubao unamwambia bafu liko kulia. Bafu liko kushoto. Kila nyumba katika mtaa huu imekwenda upande usio wake.

Tsukuda akatoka dukani anafuta mikono.

"Mzee Hatanaka! Unauonaje? Umekaa sawa?"

"Umenyooka," nikamwambia.

"Nimeweka pimamaji mwenyewe, juu na chini. Fundi alitaka kuupindisha, nikamkatalia."

"Kweli, umenyooka."

"Na sasa wageni watausoma kivulini. Wewe wakati ule uliwaweka juani, mzee wangu. Ndiyo mambo ya posta hayo, kazi ya kutembea, si ya kufikiri." Akacheka na kunipiga bega.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Niliufunga.

Wakati wa chakula nikamsimulia Sumie huku nacheka mpaka supu ikanipalia. Yeye hakucheka. Alikuwa anapanga plamu kwenye mtungi, safu ya plamu, safu ya chumvi.

"Kamwambie, Baba Naoko."

"Ameniuliza?"

"Watu watapotea."

"Mwenye macho haambiwi tazama."

Akaweka jiwe juu ya mtungi, la kukandamizia, akatoka. Wenyeji hawatagundua kitu. Nani wa hapa anasoma ubao ili afike kwake?

Jumatatu, Juni 11
Mvua imeanza. Mchana akaja wa kwanza, fundi mikeka ya tatami mwenye mkeka mpya mgongoni, ameufunika turubai. Anatafuta namba 22. Namba 22 iko juu, upande wa hekalu. Nilimwelekeza vizuri sana, mpaka idadi ya hatua. Aliinama mara tatu.

Jumanne, Juni 12
Mvua.

Jumatano, Juni 13
Wawili leo. Mwanamke aliyeleta posa upande wa hekalu, soksi zake nyeupe zimejaa tope, karibu kulia. Na mpima gesi mgeni. Wote wanabisha kwangu kwa sababu mimi ni namba 5, na mtu akishapotea akaona namba ndogo anadhani bahati imemwangukia: wenye nyumba kongwe hujua njia zote.

Alhamisi, Juni 14
Mmoja. Mleta sushi. Samaki walikuwa wameshachoka kuliko yeye.

Jumamosi, Juni 16
Niseme ukweli humu, maana humu hasomi mtu.

Nimefurahi wiki hii. Tangu nistaafu, ni miaka miwili sasa, hakuna anayenisubiri. Zamani nikikata kona tu watu wanatoka vibarazani. Walijua mlio wa baiskeli yangu. Nimewapelekea posa, vyeti vya shule, salamu za mwaka mpya, na zile telegramu ambazo mtu anazishika kwanza bila kuzifungua. Siku niliyorudisha mkoba walinipa saa ya ukutani, na kesho yake kijana mwingine akapita mlangoni kwangu hata hakunijua jina.

Mtu mmoja tu hakubadilika, Bibi Ine, mama yake Tsukuda, kule namba 4. Nilipoanza kazi baada ya vita, mtoto wake wa kwanza alikuwa bado mfungwa wa vita kule Siberia. Kila asubuhi Bibi Ine alisimama langoni. Kila asubuhi nilimpita mikono mitupu, na kila asubuhi alinipa kikombe cha chai ya shayiri, akasema, "Ahsante kwa kutembea." Miaka mitatu. Mwaka wa nne nikamletea karatasi ya serikali: hatarudi. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema maneno yaleyale. Mpaka leo nikipita ananiita, ananipa chai, ananiuliza goti. Pumu inambana sana msimu huu.

Jinsi mama kama yule alivyomzaa Noboru sijui.

Sasa wanakuja tena, wanabisha na kunisubiri. Nimejiwekea utaratibu: sifungui mpaka bisho la tatu. Mtu aliyebisha mara tatu husikiliza vizuri.

Jumapili, Juni 17
Bafuni leo Mama Kinu, anayekaa pale mlangoni kukata tiketi, kasema kwa sauti wanaume na wanawake wote wasikie: "Wageni wa siku hizi wana nini? Jana mmoja kaingia hapa na ua la kumpelekea mfiwa. Namwambia, baba, huku tunaoga, hatufi!"

Tsukuda alikuwa ndani ya maji mpaka shingoni. "Hawajui kusoma ramani," akasema. "Shule zimeharibika. Si kweli, Mzee Hatanaka?"

"Zimeharibika," nikasema, nikazamisha kichwa nisionekane.

Jumanne, Juni 19
Watatu. Sumie amegundua habari ya bisho la tatu.

"Unawaacha mvuani kama ombaomba."

"Nafika polepole. Goti."

"Goti lako lilikuwa limekaa linasikiliza redio." Akavua aproni. "Kama huendi kwa Tsukuda, nakwenda mimi."

"Hutakwenda."

Miaka thelathini na minne ya ndoa, naweza kuhesabu kwa vidole mara nilizomkataza kitu. Alisimama, akaivaa tena aproni. "Basi wafungulie mapema," akasema. "Hilo tu."

Nikarudi kwenye redio.

Alhamisi, Juni 21
Dokta Mizoguchi ameteleza kwenye ngazi za kliniki, amevunjika nyonga. Huyu ametibu mtaa huu tangu kabla ya vita na angeweza kuja kwa yeyote amefumba macho. Wameleta kijana kutoka mjini kumshikia nafasi, Dokta Asaoka.

Nimeisoma mara mbili sentensi hiyo niliyoandika hapo juu. Kesho nitakwenda kwa Tsukuda.

Ijumaa, Juni 22
Mvua kubwa. Sikwenda.

Jumamosi, Juni 23
Nimekwenda. Hatua tisini na tatu mpaka dukani. Nimepanga maneno njiani. Tsukuda alikuwa anapakia magunia, jasho tupu, mke wake Michiyo anamsaidia.

"Mzee, umekuja kununua au umekuja kutembea?"

Alitania tu. Nafikiri alitania. Michiyo akatabasamu kuniomba radhi kwa niaba yake, na tabasamu lile ndilo lililoniudhi zaidi.

"Kilo mbili," nikasema. Nikalipa, nikarudi.

Jumatatu, Juni 25
Jana sikuandika. Leo nitaandika yote kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nikiandika taarifa ya barua iliyopotea: saa, mahali, na mikono iliyopitia.

Jana, Jumapili, saa saba na nusu mchana Sumie alikwenda sokoni kutafuta yale majani mekundu ya kuzipa plamu rangi. Nikabaki peke yangu. Mvua ilikuwa inapiga bati la uani. Niliwasha redio kusikiliza besiboli, nikaongeza sauti ishinde mvua.

Saa nane na dakika sita, kwa saa ile waliyonipa posta, mlango ukagongwa.

Nikajua ni mpotevu mwingine. Nikajimiminia chai.

Ukagongwa mara ya pili. "Samahani! Kuna mtu?" Sauti ya kijana. Mchezo ulikuwa umefika patamu. Nikapuliza chai.

Mara ya tatu hakugonga, alipiga kwa kiganja. Nilisikia kioo cha mlango kikitetemeka. Na mimi nikamaliza chai. Sikuimeza kwa haraka. Nikafuta mdomo, nikasimama, nikavaa ndara.

Nilipofungua hapakuwa na mtu. Nikachungulia. Alikuwa anakimbia kuelekea daraja la mfereji, akizidi kwenda mbali, koti la mvua linampiga miguuni, na mkononi mkoba mweusi wa mdomo mpana. Miaka thelathini na moja nimepishana na mkoba wa namna hiyo njiani. Najua kazi yake.

Nikaita. Mvua ikanimeza sauti. Nikakimbia, ndara moja ikabaki kwenye tope, nikafika darajani, hayupo. Vichochoro vinne vinaanzia pale. Niliingia kimoja, nikarudi, nikaingia cha pili. Ndipo nikasimama nikajiuliza, ameitwa na nani? Hata kabla sijamaliza kujiuliza nilijua. Nani mwingine humu pumu inambana?

Kutoka mlangoni kwangu mpaka kona ni hatua tisini na tatu. Kutoka kona mpaka namba 4 ni mia mbili na arobaini, za kupanda. Nilizikimbia kwa goti hili. Nilipita mbele ya ubao. Duka lilikuwa limefungwa, Tsukuda yuko ng'ambo ya mto anapeleka mchele. Michiyo alikuwa langoni pa namba 4, hana mwavuli, anatazama chini kwenye kona. Yeye ndiye aliyepiga simu. Alikuwa peke yake na mgonjwa, na kila akitaka kukimbia kumpokea daktari pale kona, Bibi Ine alimshika nguo.

"Mzee Hatanaka! Daktari! Umemwona daktari?"

"Anakuja," nikasema.

"Amesema dakika kumi. Imeshapita nusu saa."

"Anakuja."

Akaniingiza ndani. Bibi Ine alikuwa ameketi, ameegemea rundo la magodoro, midomo imekuwa rangi ya plamu. Macho yake yaliniona. Mkono wake ukasogea kwenye sakafu, kuelekea kwenye birika. Alitaka nipewe chai.

Dokta Asaoka alifika saa nane na dakika thelathini na moja, maji yanamtiririka, anaomba radhi tangu mlangoni. Alifungua mkoba, akavunja chupa ya dawa, akachoma sindano. Alifanya kila kitu sawasawa. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Kisha akapiga magoti hapo, akaendelea kushika ule mkono mpaka Michiyo mwenyewe akamwambia basi.

Nilipokuwa natoka Michiyo alinikimbilia na ndara za mume wake nivae. Aliinama mpaka nywele zikagusa tope. "Umekuja mbio na mvua yote hii," akasema. "Ahsante kwa kutembea."

Hata maneno ni ya mkwewe.

Jumanne, Juni 26
Mkesha wa maiti ya Bibi Ine. Nimetia ubani mara tatu. Picha waliyoweka ni ya zamani, bado ana nywele nyeusi.

Jumatano, Juni 27
Wamemchoma leo. Moshi haukupanda, mvua iliukandamiza. Mtaa mzima unamsema Tsukuda. Daktari ameeleza: aliacha gari kona, akasoma ubao, ukamwambia kushoto. Watu wakaenda kuutazama, wakageuka kukitazama kilima, wakageuka tena, na uso mmoja baada ya mwingine ukaelewa. Mama Kinu kasema wazi, "Kamuua mama yake kwa ajili ya kuegesha gari." Nilikuwa nimesimama karibu naye. Wakanitazama wote, wakisubiri mwenye ubao aseme neno.

Nikasema, "Ni msiba wa wote." Wakanisifu kwa busara.

Alhamisi, Juni 28
Sumie hajanisemesha tangu Jumapili. Anaweka chakula, anaondoa vyombo. Majani mekundu ameyatia mtungini na maji yamekuwa kama damu.

Jumamosi, Juni 30
Siku ya saba ya msiba. Jioni mlango ukagongwa. Niliufungua kwa bisho la kwanza, karibu nianguke. Ni Tsukuda, amevaa nyeusi.

Hakuingia. Alipiga magoti pale kizingitini, kwenye saruji yenye maji, akaweka paji la uso chini.

"Mzee Hatanaka. Ubao ule niliugusa bila kukuuliza. Nilikudharau. Nakuomba radhi. Na nakuomba utuchoree mwingine."

Alikaa vile muda mrefu. Nilikuwa naona kisogo chake na ukosi ulioloa. Nyuma yangu, jikoni, maji ya bomba yalifungwa. Sumie alikuwa anasikiliza. Ilikuwa nafasi ambayo hata mjinga angeiona. Maneno yalikuwa kooni, mawili tu: niliona, nikanyamaza.

"Nitachora," nikasema.

Akainuka polepole. Alinitazama usoni, akainama tena, akaenda zake. Maji ya bomba yakafunguliwa.

Jumatano, Julai 4
Wameleta mbao na rangi. Mvua.

Jumamosi, Julai 7
Nimechora njia kuu na mfereji. Zamani nilichora mtaa huu wote kwa siku nne, bila kutoka kwenda kutazama kitu chochote.

Jumanne, Julai 10
Tsukuda amejiuzulu uenyekiti. Wanasema nichukue mimi. Nimesema mimi mzee. Wamesema ndiyo maana.

Alhamisi, Julai 12
Dokta Asaoka kapita mbele ya nyumba. Alisimama kidogo, akatazama namba, akatazama mlango. Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia. Redio ilikuwa imezimwa. Akaendelea na safari yake.

Jumatatu, Julai 16
Namba 4. Desturi ni kuandika jina la mwenye nyumba. Nilikaa na brashi mpaka rangi ikakauka. Mwisho nimeandika Tsukuda tu.

Usiku wa jana Sumie alisema, na ndiyo sentensi yake ya kwanza ndefu tangu siku ile: "Nilipaswa kwenda siku ile uliponikataza. Nami nalibeba langu. Lakini la kwako siwezi kukubebea."

Nikamwambia anaumiza kichwa chake bure. Akanigeuzia mgongo.

Jumamosi, Julai 21
Tumeusimika. Uko ng'ambo hukohuko, kwa mtu anayetazama mtoni: hekalu kulia, bafu kushoto. Chini katikati kuna duara jekundu na maneno UPO HAPA. Watu walipiga makofi. Tsukuda alikuja na pimamaji yake, hakuitumia, aliishika tu mkononi muda wote.

Jumatano, Julai 25
Hakuna aliyebisha wiki nzima.

Alhamisi, Julai 26
Ngurumo mfululizo, kisha jua. Redio imetangaza mvua zimekwisha.

Jumamosi, Julai 28
Nimekwenda.

Sikupanga maneno. Hatua tisini na tatu. Mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma, Tsukuda ameketi mbele yake na vumbi la pumba mpaka kwenye nyusi. Aliponiona akaizima.

"Siku ile nilikuwa nyumbani," nikasema. "Daktari alibisha kwangu."

"Najua."

Nikamtazama.

"Aliniambia usiku uleule," Tsukuda akasema. "Namba 5, redio inatangaza besiboli. Alidhani mwenye nyumba kiziwi. Nikasema, Mzee Hatanaka anasikia barua ikianguka." Alijifuta uso, pumba zikabaki. "Nilikuja kwako siku ya saba nikijua. Nilikuinamia pale chini, nikasema, sasa atasema. Nikahesabu pumzi, nikafika ishirini. Ukasema utachora."

"Kwa nini hukunishika shati?"

"Nikushike shati ili iweje? Ubao niliugeuza mimi. Mimi ndiye niliyemfungia mama njia. Wewe hukufungua mlango tu, basi. Mzee amelala mchana, mvua inapiga, ni jambo la kawaida." Akavuta kigoda, akaniwekea. "Mwenzio nimesubiri siku thelathini na nne uje uniambie hivyo, nikujibu yamekwisha. Ulisinzia, Mzee Hatanaka. Sivyo?"

Alikuwa amenifungulia mlango kwa mikono miwili. Ningesema ndiyo, tungekunywa chai.

"Sikusinzia," nikasema. "Niliwazoesha kubisha mara tatu. Na ubao niliuona umekaa kinyume tangu siku ya pili."

"Siku ya pili ipi?"

"Ile uliyoniuliza nauonaje."

Nje kuna mtu alipita na kengele ya baiskeli. Niliona anarudi nyuma kwa akili yake, siku moja moja, mpaka akafika pale ng'ambo ya barabara, mimi na sigara yangu, yeye anafuta mikono.

"Uliniambia umenyooka," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza. Uliniambia umenyooka."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alikirudisha kile kigoda mahali pake, akakaa, akawasha mashine. Nilisimama hapo mpaka gunia lilipojaa, akaweka lingine. Hakuinua tena kichwa. Nikarudi nyumbani na njia niliyoijua.

Sumie alikuwa uani anatandaza majamvi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutandaza. Kesho ni jua, plamu zitoke.

Jumapili, Julai 29
Jua kali. Tumeanika plamu tangu asubuhi, safu kwa safu, hazigusani. Sumie anageuza za upande wake, mimi za upande wangu. Tunahitaji siku tatu za jua.

Saa nne hivi mgeni alisimama kwenye ubao, mwanamume na kapu la matunda. Kutoka kizingitini kwangu kona inaonekana. Aliusoma, akanyoosha kidole hewani, akageuka kulia, akapanda. Hakusita hata mara moja. Muda si mrefu nikamwona anashuka, kapu halina kitu.

Mlango nimeuacha wazi kabisa, nimeuegemeza jiwe. Nimekaa hapa tangu saa mbili. Sasa ni saa kumi na moja na jua linahama uani. Hakuna aliyebisha.